Kuandika hoja kwa Kiingereza: tengeneza viungo vya sentensi kwanza

Wanafunzi wangu wanajua kubishana. Wakae chini ya mwembe saa ya mapumziko wazungumzie Simba na Yanga, utasikia dai, sababu, mfano, pingamizi na jibu la pingamizi, vyote vikifuatana bila mtu kuelekezwa. Kipindi kinachofuata, mtu yuleyule anashika kalamu kuandika insha ya General Studies kwa Kiingereza, na hoja inasambaratika. Ninafundisha Kiingereza kidato cha tano na cha sita hapa Morogoro, na jioni nina darasa la watu wazima, wengi wao wauguzi wanaojiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza. Kote ninakutana na jambo lilelile. Akili ipo, msamiati wa kutosha upo, kinachovunjika ni viungo. "Because", "although", "if", "which" na "therefore" ndiyo maneno yanayobeba hoja, na ndiyo yanayokosewa kuliko mengine. Msomaji atakusamehe ukisahau "the". Ukiharibu "although", hatajua unatetea nini.

Wale wa IELTS nawaeleza mapema jinsi maksi zinavyogawanywa. Insha ya Task 2, yaani kazi ya pili katika mtihani wa kuandika, ile ya maneno yasiyopungua 250 inayotengewa dakika 40 hivi, inapimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa. Sarufi ni kimoja tu. Msamiati ni kingine. Viwili vilivyobaki, yaani jinsi ulivyolijibu swali na jinsi mawazo yako yanavyoshikana, ni mambo ya hoja. Mtu anayekesha akikariri misamiati migumu na kuacha hoja yake ikiyumba anashughulikia robo ya maksi na kutupa nusu.

Tuchukue aya moja tuifanyie kazi. Nimeitunga mwenyewe kwa kushona pamoja makosa ninayoyaona kila muhula. Swali ni kama serikali ilifanya vyema kupiga marufuku mifuko ya plastiki, zile rambo zilizoondolewa madukani Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019.

"Although plastic bags are cheap but they destroy the environment. Because they do not rot. The drains which people throw bags in them they are blocked, therefore when it rains the streets flood. If the government would have not banned the bags, the floods would have been worse. Kenya has banned plastic bags in 2017. So me I support."

Ukiisoma kwa nia njema utaelewa mwandishi anataka nini. Lakini msahihishaji mwenye rundo la karatasi mezani, au ofisa wa chuo anayesoma maombi yako, hana muda wa kukuelewa kwa nia njema.

Dondoo kwa Kiswahili, sentensi kwa Kiingereza

Kabla ya neno la kwanza la Kiingereza, andika hoja yako kwa dondoo za Kiswahili. Dondoo tu, mistari minne au mitano. Usiandike insha nzima kwa Kiswahili ukaja kuitafsiri, maana utahamisha na muundo wa sentensi zetu, na huko ndiko makosa mengi yanakotoka.

Dondoo za aya yetu zingekuwa hivi. Dai: serikali ilifanya vyema. Sababu: rambo haziozi, zikitupwa zinakaa. Kisha jiulize swali ambalo wanafunzi wangu wamelichoka kulisikia: kwa hiyo vipi? Zikikaa inakuwaje? Zinaziba mifereji. Kwa hiyo vipi? Mvua ikinyesha maji hayana pa kupita, yanaingia majumbani mwa watu. Hapo tumefika kwenye jambo ambalo kila msomaji analijali. Pingamizi: zilikuwa bei rahisi, na mama muuza mboga alizitegemea. Jibu lako ni nini?

Hatua hii inachukua dakika tano na inaokoa insha. Angalia ile sentensi ya Kenya katika aya yetu. Ni kweli, Kenya ilipiga marufuku mwaka 2017, na Rwanda ilitangulia mwaka 2008. Lakini sentensi imekaa peke yake kama mgeni asiyekaribishwa. Kwa hiyo vipi? Ikiwa unachotaka kusema ni kwamba nchi jirani zilionyesha jambo hili linawezekana, basi liseme: "Rwanda and Kenya had already introduced similar bans, which shows that traders can adapt." Hata hapo mkaguzi mkali atauliza kama marufuku peke yake inaonyesha kwamba wafanyabiashara walizoea. Atakuwa na haki. Afadhali "which suggests that such a ban is possible". Umedai kidogo, na unachodai unaweza kukisimamia.

Sasa viungo vyenyewe, na nitaanza na kile ninachokiona kuwa kizito kuliko vyote.

"Although"

Kwa Kiswahili tunasema, "Ingawa rambo ni za bei rahisi, lakini zinaharibu mazingira," na hakuna anayeshtuka. Kiingereza sanifu kinataka kimoja kati ya hivyo viwili. Ama "Although plastic bags are cheap, they destroy the environment", ama "Plastic bags are cheap, but they destroy the environment". Ukiweka "although" mwanzoni, sehemu ya pili inaanza bila "but", na kati yake unaweka mkato. Hiyo ndiyo sarufi, na ni rahisi.

Kigumu ni kujua kipi kikae upande upi. Kishazi kinachoanza na "although" ndicho unachokikubali lakini hukipi uzito. Kishazi kikuu, kile kinachobaki, ndicho unachokisimamia. Jioni moja muuguzi mmoja aliniletea insha kuhusu wauguzi kwenda kufanya kazi nje ya nchi. Sarufi ilikuwa safi kabisa. Sentensi yake ya msingi ilisomeka hivi: "Although nurses who work abroad send money home, the country loses skilled workers."

Nikamuuliza, "Dada, wewe unaunga mkono au unapinga?"

"Naunga mkono, Madam. Mimi mwenyewe nataka kwenda."

"Sentensi yako inapinga."

Aliisoma mara mbili, akanyamaza, kisha akachukua kalamu akageuza: "Although the country loses skilled workers, nurses who work abroad send money home." Ukweli ni uleule, maneno ni yaleyale, ila sasa anasimama upande wake. Mpaka leo nikifundisha "although" huwa nawaambia wanafunzi waandike sentensi yao kwa namna zote mbili, wasome kwa sauti, kisha wachague ile inayosema wanachoamini.

"Despite" inafanya kazi hiyohiyo, ila haifuatwi na sentensi kamili. Inafuatwa na nomino au kitenzi chenye "-ing": "Despite the low price", "Despite being cheap". "Despite of" haipo. "In spite of" ipo. Ukitaka kuweka sentensi kamili, rudi kwenye "although".

"Because", "so", "therefore"

"Because they do not rot." Hiyo si sentensi. Ni kishazi tegemezi kilichoachwa nje ya mlango. Kwa mdomo tunaongea hivyo kwa sababu mtu ametuuliza "kwa nini?" na swali lake linakamilisha jibu letu. Kwenye karatasi hakuna aliyeuliza. Kiunge na dai lake: "Plastic bags destroy the environment because they do not rot."

Tofauti ya "because" na "because of" inawasumbua wengi, na bure, maana Kiswahili kinayo tofauti hiyohiyo. Unasema "kwa sababu mvua ilinyesha", lakini "kwa sababu ya mvua". Penye "ya", weka "of". "Because it rained." "Because of the rain." Ukishika hilo, na "due to" umeishika, maana nayo inataka nomino. Na ukianza na "The reason is", endelea na "that", usirudie "because".

"Therefore" ina tatizo la alama. Wanafunzi wanaitumia kama kiunganishi, lakini yenyewe ni kielezi, haina nguvu ya kuunga sentensi mbili kwa mkato peke yake. "The drains are blocked, therefore the streets flood" ni kosa. Una njia tatu. Weka nukta: "The drains are blocked. Therefore, the streets flood." Weka nukta mkato: "The drains are blocked; therefore, the streets flood." Au tumia "so", ambayo ni kiunganishi halisi: "The drains are blocked, so the streets flood." Mimi napenda ya tatu. Ni fupi, na haijifanyi kubwa. "However" inafuata sheria ileile ya "therefore", na inavunjwa vilevile.

Kuna jambo jingine kuhusu maneno haya, nalo linanikera kidogo. Shule nyingi zinawakaririsha watoto orodha ya "moreover", "furthermore", "hence", "consequently", na watoto wanayanyunyizia kila mwanzo wa sentensi. Neno la kuunga haliumbi uhusiano, linautaja tu uhusiano ambao tayari upo. Jaribio ni hili: lifute neno. Kama sentensi mbili bado zinaeleweka kwamba moja inazaa nyingine, umefanya kazi yako, na unaweza kulirudisha au kuliacha. Kama zimeachana, basi "hence" ilikuwa inaficha pengo, na pengo hilo linazibwa kwa sababu, si kwa neno.

"If"

Hapa Kiswahili chetu kinatuponza waziwazi. Tunasema, "Kama serikali isingepiga marufuku rambo, mafuriko yangekuwa makubwa zaidi." Angalia: -nge- ipo pande zote mbili. Mwanafunzi anaona -nge- mbili, anaweka "would" mbili. Kiingereza kinaweka "would" upande wa matokeo tu. Upande wa "if", kitenzi kinarudi nyuma hatua moja katika wakati.

Kwa kitu ambacho kweli kinaweza kutokea: "If the council cleans the drains, the water will pass." Halmashauri ikisafisha, maji yatapita, na mimi naona inaweza kusafisha. Kwa kitu ninachokiwazia tu, nisichokitarajia: "If the council cleaned the drains, the water would pass." Hapa nimeshasema kwa chinichini kwamba haisafishi. Kwa kilichopita na hakirudi: "If the council had cleaned the drains, the water would have passed." Haikusafisha, maji yakatuama.

Kwa hiyo kuchagua kati ya hizo tatu ni kuchagua unalolidai. Nimesoma barua ya kuomba ufadhili ambayo mwombaji aliandika, "If I got this scholarship, I would work hard." Sarufi haina kasoro. Lakini msomaji anasikia mtu asiyetarajia kupata. "If I receive this scholarship, I will use it to complete my training" ni mtu aliyesimama wima.

Kwenye aya yetu marekebisho ni haya: "If the government had not banned the bags, the floods would have been worse."

Kiwakilishi kinachojirudia

Kiswahili kinabeba mtendaji na mtendwa ndani ya kitenzi. "Serikali imepiga marufuku": ile i- ya mwanzo inasimama badala ya serikali ingawa serikali yenyewe imeshatajwa. Ndiyo maana tunaandika "The government it has banned". Futa "it". Nomino ikiwepo, kiwakilishi kinaondoka.

Kwa "which" ni hivyohivyo. "Mifereji ambayo watu wanaitupia mifuko" ina -i- katikati ya kitenzi inayorudi kwenye mifereji, na sisi tunaihamisha: "The drains which people throw bags in them." "Which" imeshafanya kazi ya "them". Andika "The drains that people throw bags into are blocked". Njia ya kujikagua: ukikuta "which", "who" au "that", pitia mpaka mwisho wa kishazi utafute "it", "them" au "him" inayomrejelea mtu au kitu kilekile. Ukiikuta, ifute.

Na "me I support" ni mtindo wetu wa kusisitiza, "mimi naunga mkono". Tosheka na "I", na ujue kwamba "support" inataka kitu cha kuungwa mkono: "I support the ban."

Kiasi cha uhakika

Sarufi inakupa pia namna ya kupima unachosema. "Plastic bags cause floods" inadai kwamba rambo peke yake zinaleta mafuriko. Mtu atakujibu kwamba mafuriko yalikuwepo kabla ya rambo, na umeshindwa kwa sentensi moja. "Plastic bags can cause floods" ni nafuu. "Blocked drains make floods worse, and plastic bags are one of the things that block them" ni ndefu, lakini hakuna wa kuiangusha. Punguza "always", "all people" na "everyone knows". Tumia "may", "can", "often", "in many cases", ila si zote katika sentensi moja, maana utaonekana huna msimamo. Baada ya "can", "may" na "must" kitenzi kinakuja kitupu: "can cause", si "can causes" wala "can to cause".

Mengine nayapitia haraka. Tarehe ikitajwa, kitenzi ni cha wakati uliopita: "Kenya banned plastic bags in 2017", si "has banned". "Evidence", "information", "advice", "research" na "equipment" haziongezwi "-s" zikiwa nomino. "Most people", si "most of people". "Discuss the problem", bila "about". "He" na "she" vinatuchanganya kwa kuwa a- yetu haibagui, hivyo ukimtaja mama yako katika sentensi ya kwanza, hakikisha hajageuka "he" katika ya tatu. Kuhusu "a" na "the", kanuni moja inakufikisha mbali: kitu kinachohesabika kikiwa kimoja na msomaji hajakijua ni "a trader", akishakijua ni "the trader", na ukizungumzia jamii nzima ya vitu ni wingi mtupu, "traders".

Kuhusu mwanzo wa insha: achana na "As we all know" na "Nowadays in this world of science and technology". Najua wako wasahihishaji wanaotaka maana ya istilahi ielezwe kwanza. Wape sentensi moja ya maana hiyo, na sentensi ya pili iwe dai lako.

Kujikagua

Ukimaliza kuandika, chukua kalamu ya rangi nyingine. Zungushia kila "because", "although", "if", "which", "that", "therefore" na "so". Kagua kila duara peke yake kwa kanuni nilizozieleza. Kisha soma kwa sauti, ukisimama kila penye nukta, na kila unaposimama jiulize kama ulichosoma kinaweza kusimama bila sentensi iliyotangulia. Programu za kusahihisha lugha kwenye simu zitakukamatia "evidences" na "despite of", zitumie bila aibu. Lakini hazijui wewe uko upande gani. Sentensi ya yule muuguzi zingeipitisha bila alama yoyote.

Hii hapa aya yetu baada ya kazi yote:

"The government was right to ban plastic bags in 2019. Although the bags were cheap and many small traders depended on them, they did not rot, so those thrown into the drains stayed there and blocked the water. When heavy rain fell, the water had nowhere to go and could enter people's houses. If the bags had remained in use, the same drains would have had to be cleared again and again. Rwanda and Kenya had already introduced similar bans, which suggests that such a ban is possible. For these reasons, I support it."

Hakuna neno gumu hata moja humo. Bei rahisi imekubaliwa na kuwekwa upande wa "although", sababu imeungwa na matokeo yake, "would" iko upande mmoja, na Kenya imepewa kazi ya kufanya. Bado kuna mahali padhaifu: sentensi ya mifereji kusafishwa tena na tena. Msomaji anaweza kuuliza umejuaje. Hapo ongeza sentensi yako mwenyewe, ya mfereji unaoufahamu, mtaa unaoutaja kwa jina, na ulichokiona kimeuziba. Iandike kwa wakati uliopita, halafu zungushia viungo vyake.